Nembo ya taifa na nembo za usoni

Asubuhi moja ya mwezi wa Februari nilikuwa ndani ya feri, navuka kutoka kisiwani kwenda Likoni kumkagua mwanafunzi wangu aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha. Wenye kuvuka kila siku wanajua jinsi feri inavyokusanya watu wa kila namna: wachuuzi na mikokoteni yao, makarani, wanafunzi, na wageni wanaoelekea Diani. Karibu nami walisimama vijana wawili wa Kizungu wenye mabegi makubwa mgongoni. Mmoja wao alikuwa amevaa kaptura, na kwenye shavu la mguu wake ulichorwa mlima wenye vilele vilivyochongoka, na chini ya mlima tarakimu 4,985.

Aliyesoma jiografia atazitambua tarakimu hizo. Ni urefu, kwa mita, wa kilele cha Lenana katika Mlima Kenya. Hicho ndicho wapandaji wengi hukifikia, kwa kuwa Batian na Nelion, vilele virefu zaidi, huhitaji kamba na ujuzi wa kukwea majabali. Kijana yule alikuwa amepanda na kushuka, kisha akaamua kuubeba ushahidi wake katika ngozi. Vijana wetu walimzunguka kwa furaha. Mmoja aliomba kuupiga picha mguu wenyewe. "Hiyo kali!" alisema, na mgeni akacheka akauinua mguu juu ya begi ili picha itoke vizuri.

Hatua chache kutoka hapo, bibi mmoja mzee alikuwa ameketi juu ya gunia lake. Uso wake ulikuwa na chale zilizopangwa kwa mistari na pembe, kuanzia kipaji hadi kidevuni, na mdomo wa juu ulikuwa na tundu la ndonya iliyoacha kuvaliwa siku nyingi. Alikuwa Mmakonde. Mtoto wa miaka minne au mitano alimwonyesha kidole. "Mama, yule bibi ana nini usoni?" Mamake alimshika bega akamgeuza upande wa bahari. "Usimwangalie," alimwambia. Alisema kwa sauti ya chini, lakini haikuwa chini ya kutosha. Bibi alivuta leso yake akajitanda hadi puani.

Tuliposhuka nilimsaidia kulipandisha gunia lile, lililojaa dagaa, hadi penye matatu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Nikamwomba radhi kwa niaba ya yule mama. Alicheka.

"Nilichanjwa utotoni ili watu wa kwetu wanijue," alisema. "Kumbe wa kwanza kunijua alikuwa askari. Akiuona uso tu, ataka kitambulisho, na kitambulisho sina."

Nilimwuliza kama sasa anacho. Alifungua fundo la leso akanionyesha. Picha ilikuwa imefifia, uso umekuwa kivuli kitupu. "Hapa ni Mkenya," alisema, akigusa kadi kwa kidole, "lakini nembo hazimo." Sikujua kama anatania au analalamika, na matatu yake ilikuwa imeshajaa.

Ndugu msomaji, kisa hicho kingeweza kupita kama vipitavyo visa vingi vya feri. Kilinichoma kwa sababu siku tatu kabla yake nilikuwa nimefanya jambo linalofanana sana na la yule mama.

Binti mmoja wa Kisauni, miongoni mwa wanafunzi wangu hodari wa mwaka wa nne, alikuwa amepelekwa kufundisha Kiswahili katika shule moja ya Changamwe, shule ambayo sitaitaja. Ndani ya kifundo cha mkono wake wa kulia ameandikwa, kwa herufi zisizozidi ukubwa wa punje ya mchele, jina la marehemu mamake. Mwalimu mkuu aliliona alipokuwa akisahihisha daftari. Alimtoa ofisini na kumwambia asiingie darasani na "michoro ya wahuni". Niliitwa kama msimamizi wake. Nilipofika sikumuuliza mwalimu mkuu chochote. Nilimwita binti kando nikamwambia avae nguo ya mikono mirefu mpaka muhula uishe. Katika joto la Februari la Changamwe! Alinitazama kwa heshima, akauliza swali moja tu: "Lakini Daktari, jina la mama ni la kufichwa?"

Sikumjibu. Nilitia sahihi kitabu cha wageni nikaondoka. Makala hii ni jibu nililoshindwa kulitoa siku ile.

Mimi ni mtu wa lugha, na nikikwama katika jambo huenda kwanza kuyatazama maneno. Husemwa mara kwa mara, hata na walimu, kwamba kuchora mwili ni ugonjwa tulioambukizwa na wanamuziki na wanasoka wa ng'ambo. Kiswahili kinawakanusha. Lugha hii ina chale, ina tojo, ina nembo. Ina vitenzi kuchanja na kutoja. Sikio hutogwa, na tundu lake likipanuliwa huwa ndewe. Pua huvaa kipini, mdomo huvaa ndonya. Jicho hutiwa wanja. Bibi harusi wa Mombasa hupambwa kwa hina na piko mikononi na miguuni, na mpambaji stadi huheshimiwa mtaani kama fundi yeyote. Lugha haijiwekei maneno mengi hivyo kwa jambo lisilowahusu wasemaji wake. Neno tatuu ndilo jipya, na tumelipokea kwa Kiingereza. Lakini hata Kiingereza hakikulizaa. Kililichukua kwa watu wa visiwa vya Pasifiki, ambao wao husema tatau, baada ya mabaharia wa James Cook kufika Tahiti mwaka 1769. Kwa hiyo anayelaani tatuu kuwa ni Uzungu analaani kitu ambacho Wazungu wenyewe walifundishwa jina lake na watu wa visiwani.

Litazame pia neno chanjo. Linatokana na kuchanja kule kule. Wakenya wengi wanayo mkononi kovu ya chanjo ya kifua kikuu waliyotiwa wakiwa wachanga. Hakuna aliyeombwa ridhaa yake, na hakuna mwalimu mkuu anayemfukuza mtu kwa kovu hiyo. Tunaiona kuwa ishara ya mtoto aliyetunzwa. Basi ngozi iliyochanjwa peke yake haituudhi. Linalotuudhi tunalileta sisi.

Nalifikia sasa neno nembo. Kamusi zetu hulipa maana ya chale zinazochanjwa usoni au mwilini, kwa urembo au kwa kuonyesha kabila la mtu. Maana hiyo imejikita hasa kwa watu wa kusini, Wamakonde wakiwa mbele. Huko ngozi ilikatwa kwa kisu, masizi yakapakwa katika jeraha, na baada ya kupona ikabaki rangi isiyofutika. Michoro ilikuwa na mpangilio unaosomeka: aliyejua aliweza kumtambua mtu ametoka wapi na ni wa watu gani. Baadaye serikali zetu zilipohitaji neno la kuita alama yao kuu, ile inayobandikwa juu ya nyaraka, sarafu na pasipoti, hazikuunda neno jipya. Zilikopa hilo hilo la ngozi, nasi tukapata nembo ya taifa.

Mwalimu wa Kenya anaijua nembo hiyo na huwafundisha watoto kuichora. Ina simba wawili, ngao, mikuki, jogoo mwenye shoka, na neno Harambee. Simba wamesimama juu ya Mlima Kenya, na mlimani mmepangwa mazao ya nchi: kahawa, chai, mahindi, pareto, mananasi na mkonge. Naomba msomaji asimame kidogo hapo penye mkonge.

Wamakonde walianza kuja Kenya kutoka Msumbiji tangu miaka ya 1930, wakati wa ukoloni, kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya Kwale. Walikata mkonge wetu. Walizaa watoto hapa na kuzika wazee wao hapa. Uhuru ulipokuja 1963, sheria ya uraia ilimtaka ambaye wazazi wake hawakuzaliwa nchini ajiandikishe kwa muda uliowekwa. Vibarua wa kambini hawakuambiwa, au waliambiwa kwa lugha ya karatasi wasioweza kuisoma. Muda ukapita. Kwa zaidi ya miaka hamsini waliishi bila kitambulisho. Asiye na kitambulisho hafungui akaunti ya benki, hasajili laini ya simu kwa jina lake, hapigi kura, na anapata taabu kumwandikia mwanawe cheti cha kuzaliwa. Vijana wa Kimakonde waliacha kuchanjwa, lakini wazee walikuwa wameandikwa usoni, na uso hauachwi nyumbani. Chale zile zile zilizowatambulisha kwa ndugu zao ziliwasaliti kwa askari wa barabarani.

Oktoba 2016 mamia ya Wamakonde, wazee kwa vijana, pamoja na watetezi wa haki za binadamu, walifunga safari kutoka Kwale kwenda Nairobi. Waliianza kwa miguu. Mwendo wa kutoka Mombasa hadi Nairobi peke yake ni karibu kilomita 480, bila kuhesabu ule wa kutoka Msambweni. Walifika Ikulu. Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliwapokea, akawaomba radhi kwa kucheleweshewa haki yao, akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya mwaka kwisha. Mapema 2017 wakahesabiwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya. Njia ilikuwa imefunguliwa: jamii ya Washona ilifuata, na mwaka 2023 wakafuata Wapemba wanaoishi katika pwani yetu.

Nirudi sasa kwenye feri. Kijana mgeni alitembea mlimani kwa kupenda kwake, kisha akaandikwa mguu. Wazee wa Kimakonde walikuwa wameandikwa tangu utotoni, wakatembea ili wasomwe. Mlima alioubeba yule kijana umo katika nembo ya taifa. Mkonge alioukata Mmakonde umo pia, chini ya miguu ya simba wale wale. Wa kwanza tulimpiga picha. Wa pili tulimwambia mtoto asimwangalie. Nani atatuonyesha tofauti kati ya ngozi mbili hizo, isipokuwa rangi yake, umri wake na fedha zilizomo mfukoni?

Hapana shaka wako watakaosema kwamba nimeikwepa dini. Siikwepi. Waislamu wengi wa mwambao hushikilia, kwa kutegemea Hadithi za Mtume, kwamba kuchanja alama ya kudumu ni haramu kwa mchanjaji na mchanjwaji, ilhali hina inaruhusiwa kwa kuwa haibadilishi umbile. Wakristo wengi nao huitaja sura ya 19 ya kitabu cha Mambo ya Walawi. Mwenye imani hiyo ana haki ya kuishika, kuwalea wanawe kwayo na kuihubiri. Hata hivyo tujue kwamba waumini wenyewe hawakukubaliana popote pale. Wakopti wa Misri, Wakristo wa tangu karne za mwanzo, huchanjwa msalaba mdogo ndani ya kifundo cha mkono, mahali pale pale alipoandika binti wa Kisauni jina la mamake. Katika nyanda za juu za Ethiopia wanawake wengi Wakristo wamechanjwa msalaba kwenye kipaji. Aidha, katazo la dini humhusu anayetenda na Mola wake. Silijui katazo linalomruhusu karani amnyime mwenzake kitambulisho, wala linaloamuru ajuza adharauliwe kwa jambo alilotendewa akiwa mtoto.

Wako pia watakaosema kwamba navipamba vya kale. Nakiri kwamba nembo za Wamakonde hazikuwa starehe. Zilikatwa kwa kisu, zilitoka damu, na mtoto hakuulizwa kama anataka. Kama leo mzazi angetaka kumkata mwanawe uso, mimi ningekuwa wa kwanza kupinga. Sisemi vijana wetu waende wakachorwe. Mwanafunzi wa miaka 16 anayeingia kwenye kibanda cha uchochoroni na kuchomwa kwa sindano iliyokwisha tumika kwa mwenzake anajihatarisha kwa UKIMWI na kwa homa ya ini. Jina la mpenzi linalochorwa leo huenda likaonewa haya kabla ya mwaka kwisha, na kulifuta ni ghali na kuna maumivu. Hayo walimu na wazazi wanapaswa kuyasema, tena bila kumumunya maneno. Kumwonya mtu kabla hajachorwa ni malezi. Kumwadhibu maisha yake yote baada ya kuchorwa ni jambo jingine kabisa.

Tuna sababu ya kulijua hilo kuliko wengi. Wakoloni walipotunga sheria ya usajili wa wenyeji mwaka 1915, na kuanza kuitekeleza baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri alilazimishwa kubeba kipande, chenye alama za vidole na habari za kazi yake. Wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Tajiri aliweza kuandika humo neno la kumharibia mtu riziki kila aendako. Babu zetu walikipinga kipande kwa sababu kilimgeuza mtu kuwa alama, na alama hiyo ikasomwa na mwingine kwa manufaa yake mwenyewe. Mwalimu mkuu anayekiangalia kifundo cha mkono akaacha kumwangalia mwalimu, na askari anayeisoma chale ya ajuza kama hati ya mashtaka, wote wawili wanaendeleza usomaji ule ule wa kipande.

Wala nisimlaumu mwalimu mkuu peke yake. Yeye alisema aliloliamini. Mimi nilikuwa na elimu ya kumjibu, nikachagua mikono mirefu kwa kuwa ilikuwa njia ya mkato na nilitaka kuiwahi foleni ya magari. Msomi anayejua asili ya neno nembo, kisha akamwambia mwanafunzi wake alifiche jina la mamake, amekuwa kama mganga asiyejiganga.

Nawaomba walimu wenzangu jambo moja lililo ndani ya uwezo wetu. Mnapofundisha nembo ya taifa, msiishie kwenye simba na jogoo. Waambieni watoto neno hilo lilitoka wapi. Waambieni kwamba kabla halijapigwa mhuri juu ya karatasi za serikali lilikuwa likiishi katika nyuso za watu, na kwamba baadhi ya watu hao wako Kwale, huvuka Likoni na magunia yao, na wana vitambulisho walivyovitembelea kwa miguu. Mtoto aliyefundishwa hivyo hatakosa kuuliza, "Bibi ana nini usoni?" Ni swali zuri, na mtoto hana kosa. Mamake ndiye atakayekuwa na jibu: "Ni nembo, mwanangu. Mwamkie."

Nanyi wanafunzi, msidhani ninyi ndio wa kwanza kuandika ngozini, wala msiandike kabla ya kufikiri nani atasoma na kwa muda gani.

Binti wa Kisauni alimaliza muhula wake akiwa amevaa mikono mirefu, akapata alama ya juu kabisa katika kundi lake. Swali lake limebaki kwangu tangu siku ile ya Changamwe. La, mwanangu, jina la mama si la kufichwa. Lilikuwa jukumu langu kulisema hilo mbele ya mwalimu mkuu, nawe umesimama hapo hapo unasikia.